Kutoka Klachi Kwenda Otomatiki na Kurudi: Tabia za Kuacha Kabla Hujawasha Gari

Shule nyingi za udereva nchini Tanzania bado zinafundishia magari ya gia za mkono. Mwanafunzi anahangaika na klachi, anafaulu, anapata leseni, kisha anakwenda kununua IST, Vitz au Premio iliyoshushwa bandarini Dar es Salaam ikitokea Japani. Karibu zote hizo ni otomatiki. Japani yenyewe, tangu 1991, inatoa leseni inayomruhusu mtu kuendesha otomatiki peke yake, na magari madogo ya kule yamefuata mkondo huo. Sisi tunanunua yale waliyokwisha kuyatumia. Upande wa pili yupo aliyejifunzia Vitz ya dada yake, hajawahi kukanyaga klachi, na siku moja ofisini anakabidhiwa ufunguo wa Land Cruiser ya kwenda mkoani, au shemeji anamwomba asogeze Canter iliyoziba njia.

Wote wawili ni madereva. Kichwani wanajua kwamba gari limebadilika, lakini mguu haujui. Mwendo ukiwa wa kawaida, kichwa kinausimamia mguu vizuri tu. Mtoto akikatiza barabara ghafla, kichwa hakipati nafasi ya kusema neno, na mguu unafanya ulichozoea. Ndiyo maana mtu anaweza kuendesha otomatiki wiki nzima bila tatizo, halafu siku ya hofu akakanyaga klachi ambayo haipo.

Mguu wa kushoto upewe kazi nyingine

Ukitoka kwenye klachi kuingia kwenye otomatiki, hatari ya kwanza iko kwenye mguu wa kushoto. Umezoea kukanyaga kwa nguvu mpaka chini, kwa sababu klachi inataka hivyo. Breki haitaki hivyo. Katika otomatiki pedeli ya breki huwa pana, na inafika mpaka upande ambao mguu wako wa kushoto unaitafuta klachi. Ukiikanyaga kama klachi, gari linasimama palepale, abiria wanarushwa mbele, na bodaboda aliyekuwa nyuma yako anaingia kwenye buti.

Dawa si kuuambia mguu uwe mwangalifu. Upe mahali pa kukaa. Magari mengi yana sehemu ya kuegemeza mguu upande wa kushoto kabisa. Uweke hapo kabla hujawasha injini na usiuondoe mpaka umeegesha. Kama gari halina sehemu hiyo, vuta kisigino nyuma mpaka karibu na kiti, ili mguu ukitaka kuruka uwe na safari ndefu. Breki na eksileta zote ni za mguu wa kulia. Wapo wanaotetea breki ya mguu wa kushoto kwa hoja za madereva wa mashindano. Kwa mtu anayebadilisha magari, mimi sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu mguu wake wa kushoto umefundishwa nguvu na haujafundishwa upole.

Kuna mtego mwingine ambao wauzaji wa magari hawautaji. Baadhi ya otomatiki, kama Harrier, Alphard na Prius za zamani, hazina hendibreki ya mkono. Zina pedeli ndogo ya breki ya kuegeshea, na iko kushoto kabisa, karibu na pale ambapo klachi ingekuwa. Dereva wa klachi akiingia kona kwa kasi na kutaka kupunguza gia, mguu unaweza kuipata pedeli hiyo, na matairi ya nyuma yakafungwa. Kabla hujaondoka na gari la namna hiyo, inama uiangalie, ikanyage ukiwa umesimama, iachie, ujue iko umbali gani na mguu wako.

Kukosea pedeli si jambo la washamba. Katika miaka ya 1980 nchini Marekani, madereva wengi wa Audi 5000 walilalamika kwamba gari lilichomoka lenyewe walipotoa gia kwenye P, ile ya kuegeshea. Serikali ilichunguza, na mwaka 1989 mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo ikahitimisha kwamba chanzo kikubwa kilikuwa dereva kukanyaga eksileta akiamini amekanyaga breki. Kampuni ilikuwa imeshaweka kifungo kinachozuia gia kutoka P mpaka breki ikanyagwe, na leo kifungo hicho kiko karibu katika kila otomatiki. Ukiona gari ambalo fundi amekiondoa ili kurahisisha mambo, mrudishie akitengeneze.

Gari linalotembea bila kuambiwa

Gari la gia za mkono ukiliweka nyutro kwenye tambarare, linatulia. Otomatiki ikiwa kwenye D, gia ya kwenda mbele, ukiachia breki, inaanza kutambaa hata kama hujagusa eksileta. Dereva wa klachi anasahau hili mahali palepale anapojisikia salama: sheli, akitafuta pesa mfukoni, kwenye foleni, akijibu simu, na mbaya kuliko pote, getini nyumbani. Anavuta hendibreki nusu, anashuka kufungua geti huku gia iko kwenye D, na gari linamfuata. Watoto wanaokimbilia kumpokea baba wako upande huohuo.

Weka sharti moja lisilovunjwa: mlango haufunguliwi mpaka gia iko P na hendibreki imevutwa. Hata kama unashuka kuokota kofia. Kwa magari ya haibridi kama Aqua na Prius, sharti hili lina uzito zaidi, maana injini inaweza kuwa kimya kabisa na gari likawa tayari kuondoka. Masikio uliyozoea kuyategemea hayatakusaidia. Tazama neno READY kwenye dashibodi. Likiwaka, gari liko hai.

Tukiwa kwenye foleni, ipo tabia ya kupeleka gia N kila gari linaposimama, kama ulivyokuwa ukitoa gia kwenye daladala. Kusimama kwa muda mfupi hakuhitaji hivyo. Baki D, kanyaga breki. Foleni ikifa kabisa, weka N na hendibreki, au P. Ila ukitaka kuondoka, rudisha D kwanza, subiri gia ishike, ndipo ukanyage eksileta. Anayekanyaga mafuta akiwa N kisha akasukuma gia kwenye D anaipiga giaboksi kofi. Na haibridi ya Toyota ikikaa N betri yake kubwa haichajiwi, kwa hiyo ndani ya foleni ndefu P ndiyo mahali pake.

Usihame kutoka D kwenda R, wala kwenda P, gari likiwa bado linasogea. Wenye haraka ya kugeuza gari barabarani ndio wanaofanya hivyo zaidi, na gharama yake huonekana baadaye, giaboksi inapoanza kugonga kila ikishika gia.

Mteremko

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tabia ya zamani inaua.

Madereva wengi wa magari makubwa walirithishana desturi ya kuachia gari nyutro kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Desturi hiyo imehamia kwenye magari madogo, na wengine wanaiendeleza katika otomatiki kwa kuweka N wakishuka Kitonga, Sekenke au barabara ya Lushoto kuelekea Mombo. Wakenya wanaikumbuka Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, ilivyomaliza watu kwa miaka, na malori yanayoteremka nyutro yalitajwa mara kwa mara miongoni mwa sababu.

Hata hesabu ya mafuta yenyewe si sahihi. Injini ya kisasa inayoratibiwa na kompyuta, ukiachia eksileta gari likiwa ndani ya gia kwenye mteremko, hufunga mafuta kabisa; matairi ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro, matairi hayaizungushi tena, kwa hiyo inalazimika kuchoma mafuta ili isizimike. Kwa maneno mengine, anayeshuka nyutro anatumia zaidi ya yule aliye ndani ya gia. Na kuna hasara ya pili kwenye otomatiki: pampu inayosukuma oili ndani ya giaboksi inaendeshwa na injini. Injini ikinguruma kivivu huku matairi yanakwenda kasi, vyuma vinazunguka sana na oili inapita kidogo.

Lakini hayo ni ya mfukoni. La roho ni breki. Bila injini kulizuia gari, breki peke yake inabeba uzito wote, inapata moto, na ikizidi kuchemka inapoteza nguvu. Unakanyaga, pedeli ipo, gari haliitiki. Anayezima kabisa injini ili aokoe zaidi anajiondolea pia msaada unaolainisha breki na usukani, na akichomoa ufunguo usukani unaweza kujifunga.

Basi dereva wa otomatiki afanye nini? Ajifunze kutumia zile herufi zilizo chini ya D, ambazo wengi hawazigusi tangu wanunue gari. Kwenye Toyota za zamani kuna kitufe cha O/D ubavuni mwa gia. Ukikibonyeza, taa ya O/D OFF inawaka kwenye dashibodi, na gari linaacha kutumia gia yake ya juu kabisa. Hiyo inatosha kwa mteremko wa wastani. Mteremko ukiwa mkali, shusha kwenye 3, 2 au L. Magari mengine yana S au B. B imewekwa kwa ajili ya kazi hiyohiyo ya injini kulizuia gari. Ingia gia ya chini kabla ya kuanza kushuka, si katikati baada ya kasi kukuzidi. Injini itapiga kelele. Iache ipige, imetengenezwa kwa hilo. Breki itumie kwa vipindi: kanyaga sawasawa mpaka mwendo upungue, achia ipoe, kanyaga tena. Kuiminya kidogo kidogo kutoka juu ya mlima mpaka chini ndiko kunakoichemsha.

Kwa mwenye gia za mkono, kanuni ya zamani bado ni nzuri: gia uliyopandia, au chini yake, ndiyo ushukie.

Kuegesha

Dereva wa otomatiki anaamini P imemaliza kazi. Ndani ya giaboksi, P ni kidole kidogo cha chuma kinachoingia kwenye meno ya gurudumu. Ukiegesha kwenye mlima na kuachia gari lilalie kidole hicho, siku ya kuondoka utasikia mlio mzito gia inapotoka, na huenda siku moja kidole kikakatika. Mpangilio unaofaa mlimani ni huu: breki ya mguu, gia N, hendibreki, achia breki ya mguu taratibu ili gari liegemee hendibreki, kanyaga tena, kisha P. Geuza matairi upande wa ukingo wa barabara.

Sasa mtu huyohuyo apewe gari la gia za mkono. Amezoea kwamba kuzima gari ni kulifunga. Anazima, gia iko nyutro, hendibreki ameivuta robo au imechakaa, anaingia dukani. Mwanza, Kigali au Kampala, kwenye vilima vyake, gari hilo halitamsubiri. Gari la klachi huachwa ndani ya gia: namba moja kama pua inatazama juu, rivasi kama inatazama chini, na hendibreki juu yake.

Na hapo ndipo unapozaliwa mtego wa anayekuja kuliwasha.

Ukitoka otomatiki kuingia kwenye klachi

Otomatiki haiwaki mpaka gia iwe P au N. Gari la gia za mkono, hasa la zamani, linaweza kuwaka likiwa ndani ya gia, na likiwaka hivyo linaruka. Wengi waliogonga ukuta wa gereji au gari la jirani waligonga namna hii, hata kabla ya safari kuanza. Jifunze maneno matatu na uyaseme kwa sauti kila ukiketi: klachi, tikisa, washa. Kanyaga klachi mpaka mwisho, tikisa gia kulia na kushoto uhakikishe inacheza huru, ndipo uwashe. Angalia pia mchoro juu ya kitasa cha gia. Rivasi haiko mahali pamoja katika magari yote. Mengine inabidi uinue pete au ubonyeze kitasa chini kwanza.

Kisha tafuta klachi inaposhika. Kwenye uwanja tambarare, bila kugusa eksileta, iachie polepole mpaka uhisi gari linataka kusogea, kisha irudishe chini. Rudia mpaka mguu upajue bila kupatafuta. Ukikimbilia kupanda mlima kabla ya zoezi hili, utazimikiwa na kurudi nyuma mbele ya watu, hofu itakuingia, na mwenye hofu hukanyaga vyote kwa pamoja.

Kuanzia mlimani ndiko kunakowatisha zaidi waliozoea otomatiki, kwa sababu D inalishikilia gari kidogo hata ukiachia breki, na klachi hailishikilii. Vuta hendibreki. Ingiza namba moja, achia klachi mpaka inaposhika. Utaona pua ya gari inainuka kidogo na sauti ya injini inazama. Ongeza mafuta, achia hendibreki. Usishikilie gari mlimani kwa nusu klachi ukisubiri wa mbele aondoke. Harufu ile kali utakayoisikia ni klachi pleti inaungua, na kuibadilisha ni lazima giaboksi ishushwe.

Kwenye foleni, mzoefu wa otomatiki hutaka kutambaa kila wa mbele anaposogea, na analifanya kwa nusu klachi. Acha nafasi ifunguke, kisha nenda kwa namba moja klachi ikiwa umeiachia kabisa. Wenye daladala watachomeka. Wachomeke, klachi ni yako. Ukiwa mwendoni, mguu usilale juu ya pedeli. Hata uzito mdogo unaichosha klachi bila wewe kujua.

Kusimama ghafla kuna kanuni moja kwa magari yote: breki kwanza. Klachi inafuata mwishoni, gari likikaribia kusimama. Ukiisahau injini itazima, na injini iliyozima haijamgonga mtu. Anayekanyaga klachi kwanza ameliachia gari huru wakati alipohitaji kulizuia.

Kupita gari lingine nako kunabadilika. Kwenye otomatiki ukikanyaga eksileta mpaka chini, giaboksi inasita kidogo, kisha inashusha gia na gari linachomoka. Kusita huko kunawashangaza waliozoea kushusha gia wenyewe, na kunawashangaza wakiwa tayari wametoka upande wa lori linalokuja. Lijaribu gari lako kwenye barabara nyeupe, ujue linasita kiasi gani. Kwenye klachi kinyume chake: ukibaki namba tano na kukanyaga mafuta, gari halina la kukupa. Shusha gia kabla hujatoka, na kama linatetema na kuunguruma kwa taabu, linaomba gia.

Gari likikataa kuwaka au likinasa

Mazoea hayaishi barabarani. Betri ikifa, waliokulia kwenye klachi huita vijana wasukume. Gari la gia za mkono litawaka ukiingiza namba mbili na kuachia klachi likishika mwendo. Otomatiki haitawaka hata ikisukumwa mpaka Chalinze, kwa sababu bila injini pampu ya oili haizunguki na giaboksi haishiki. Tafuta waya na betri ya gari jingine.

Kuvuta kwa kamba ni kosa kubwa zaidi. Otomatiki ikikokotwa mwendo mrefu, matairi yanayobeba nguvu yakiwa chini, giaboksi inazunguka bila oili na kufia njiani. Ya kuvuta mbele ibebwe matairi ya mbele; ya kuvuta yote manne ibebwe nzima juu ya gari la kubebea. Linganisha gharama ya kubebwa na bei ya giaboksi kabla hujaamua. Ukinasa kwenye tope, usikae ukipeleka D na R kwa fujo. Oili inachemka upesi. Chimba, weka mawe au matawi chini ya tairi, toka taratibu.

Oili nayo isiwe ya kubahatisha. Otomatiki inataka aina iliyoandikwa kwenye kijiti cha kupimia au kwenye kitabu cha gari. Gari la CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), kama Premio na Allion nyingi za kuanzia 2007, linataka oili ya CVT na si nyingine. Fundi akikwambia oili zote ni sawa, peleka gari kwa fundi mwingine.

Kwa wanaoshinda na Fuso kazini na kurudi na Vitz nyumbani, hatari haipungui kwa uzoefu. Inaongezeka, kwa sababu jioni mwili umechoka na unarudi kwenye kile ulichokifanya kutwa. Vua buti nzito. Keti bila kuwasha, gusa kila pedeli kwa mguu wake, sogeza gia, sema kimoyomoyo ni gari gani hili. Kisha zunguka uwanjani na ujaribu breki kabla ya kuingia barabarani.

Na kama wewe ndiye mwenye gari na ndugu amekuja kuliazima, usimuulize tu kama ana leseni. Muulize gari la mwisho aliloendesha lilikuwa la aina gani. Kama ni tofauti na lako, keti naye mzunguke pamoja kwanza, ndipo umwachie ufunguo.